Dawa ya Saluni Ndani ya Bahari ya Baba Mkwe

Haya, kwa kuwa mmenibana, na kwa kuwa mke wangu ameanza kucheka kabla sijafungua mdomo, acheni niseme mwenyewe, maana nikimwachia yeye atatia chumvi, na katika mkasa huu chumvi ipo tayari ya kutosha. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi niliyekwenda kujitambulisha ukweni nikiwa na suti ya kuazima, na kabla ya saa sita mchana wazee wa familia mbili walikuwa wamekunja suruali hadi magotini. Cheka, Nsimire, cheka, lakini ukimaliza uniletee chai.

Lazima kwanza mumjue baba mkwe wangu, Papa Bisimwa. Yule mzee alifanya kazi miaka mingi Dar es Salaam, akitoa bandarini mizigo ya wafanyabiashara wa Bukavu, na alipostaafu akarudi huku kwetu, mtaa wa Nguba, kwenye nyumba yake, ile ambayo ukifungua dirisha unaona ziwa lote. Wengine wakirudi kutoka Dar wanaleta magari. Yeye alileta bahari. Tangi la kioo la lita mia tatu, limekaa sebuleni nyuma ya kiti chake, na maji ya chumvi anayoyachanganya mwenyewe kwenye bidoni, yale madumu ya njano, kwa chumvi maalumu inayokuja kwa mifuko. (Majirani walimwuliza sana: papa, ziwa liko hapo chini ya dirisha, wewe unapika maji ya chumvi ya nini? Yeye anakoroga tu chumvi yake.)

Ndani ya tangi kulikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kamba mmoja, yule mdudu wa baharini mwenye sharubu ndefu, sisi huku tunamwita krevete, mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni. Jina lake Dokta. Aliitwa hivyo kwa sababu samaki walikuwa wanamwendea mmoja mmoja, wanasimama mbele yake mdomo wazi, naye anawasafisha meno na mashavu kama yuko kwenye zamu. Papa Bisimwa alimleta Dokta kutoka Dar ndani ya mfuko wa plastiki, amempakata magotini njia nzima, na kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anavuta kiti, anagonga kioo kwa ukucha na kumsalimu: "Dokta, umeamuka?"

Sasa mimi. Mimi nilisoma biolojia, na kazi yangu ya kumalizia masomo niliandika juu ya mwani, yale majani ya kijani yanayoota kwenye mawe ya ziwa letu. Ziwa letu, nasisitiza, maji baridi, maji ya kunywa. Bahari nilikuwa sijaiona hata kwa mbali. Lakini siku ya kwanza Nsimire aliponipeleka nyumbani kwao, mzee akaniuliza nafanya nini maishani, nikajibu kwa sauti nzito kidogo, "Papa, mimi ni mtaalamu wa mwani," akageuka akaniangalia mara ya kwanza kama mtu. Tangu siku hiyo kila akiniona anasema, "Njo huyu muntu wa majani!" Yaani ndiye huyu mtu wa majani. Nami navimba.

Jumatano ya juma lile la kujitambulisha, Nsimire akanipigia simu, anaongea chini chini.

"Dezire, aquarium ya papa imejaa majani. Iko kama ndevu, ya kijani, mpaka Dokta haonekane. Papa anasema bageni bakikuya Jumamosi batamucheka, anataka kuifunika na kitenge."

Hapo ndipo ilipokuwa njia yangu ya kutokea. Neno moja tu, "funikeni", na leo tungekuwa tunaongea habari za watu wengine. Lakini mimi nikawaza: mtaalamu wa mwani anakuja kuomba mchumba, na tangi la baba mkwe limefunikwa kitenge kwa sababu ya mwani! Nikamwambia, "Usimwambie kitu. Niachie mimi."

Usiku ule nikasoma kwenye simu. Kuna watu huko Ulaya wanaofuga bahari majumbani kama Papa Bisimwa, na wanaandikiana. Wakasema dawa iko: ile dawa ya vidonda inayotoa povu, ambayo sisi tunaiita oksijene, eau oxygénée. Unaweka kidogo sana, kijiko kimoja na nusu tu kwa tangi lote, kila siku, kwa wiki mbili, na majani yanapauka, yanakufa polepole. Na chini yake kulikuwa na mstari mmoja: angalieni krevete, hawaivumilii. Mstari huo niliusoma. Sitawadanganya kwamba sikuusoma.

Tatizo, wiki mbili sikuwa nazo. Tatizo la pili, kwenye maduka ya dawa mawili niliyoingia oksijene ilikuwa imekwisha. Nikakumbuka dada yangu Furaha ana saluni Kadutu, na ile ile oksijene wanaitumia kupaka nywele rangi. Nikaenda. Akanipa chupa, lakini hakuiachia mkononi.

"Hii haiko ya duka ya dawa," akasema. "Ile ya kidonda iko dix volumes, nguvu kumi. Hii iko quarante, makumi ine, nguvu mara ine. Inachoma. Uvae hizi gants ku mikono."

"Furaha," nikamwambia, "mimi ni mtu wa sayansi."

"Mi nakuona," akasema, akaiachia.

Basi Alhamisi nilijua ni lazima nigawanye kwa nne. Ijumaa nilijua pia. Jumamosi saa moja asubuhi, nimesimama kwa soksi sebuleni kwa watu kama mwizi, sikujua tena hata jina langu, sembuse kugawanya kwa nne. (Kwetu mchumba haonekani ukweni asubuhi ya siku ile, ni aibu kubwa, anatakiwa afike na wazee wake, mlangoni, kwa utaratibu.) Papa Bisimwa alikuwa amekwenda Bagira kumchukua kaka yake mkubwa, Nsimire akanipitisha kwa mlango wa jikoni. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, mashine zote za tangi zimenyamaza, kapampu kamoja tu ka betri kanatoa viputo pembeni.

Nikapiga hesabu yangu: dawa ya wiki mbili, siku moja. Ndiyo, kama yule mgonjwa anayemeza paketi nzima ya vidonge ili apone kabla ya chakula cha mchana. Nikamimina. Halafu nikachukua sponji, nikailowesha dawa ile ile kutoka kwenye chupa, nikaanza kusugua kioo, mikono mitupu, gants za Furaha ziko mfukoni mwangu zimekunjwa vizuri kabisa.

Na wacha niseme ukweli, ilikuwa nzuri! Viputo vidogo vidogo vikaanza kupanda kutoka kwenye kila unywele wa kijani, tangi lote likachemka kimya kimya kama soda iliyofunguliwa, na ndevu zile zikaanza kupauka mbele ya macho yangu. Nikajipongeza kwa sauti. Dokta sikumtafuta. Nilijiambia amejificha nyuma ya jiwe kwa busara yake. Kisha honi ikalia getini, Papa Bisimwa huyo amerudi, nami nikatoka mbio kwa mlango wa jikoni, nikapita katikati ya shamba la sombe, kile kisamvu, la mama mmoja jirani, viatu mkononi.

Nilipofika nyumbani vidole vinawaka moto. Nikavitazama. Vyeupe! Si kupauka, vyeupe kama chaki, ncha zote kumi, na mabaka kwenye viganja. Nikaosha, nikapaka mafuta, nikasugua kwa limau (msinicheke, mtu akichanganyikiwa anashika chochote), wapi.

Tonton Balola, mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kofia na fimbo. Akanishika mkono kunisalimu, akaurudisha kama umemwuma.

"Hii ni nini? Umeshika chokaa?"

"Ni dawa tu, tonton, itatoka."

"Tia mikono mu mufuko." Kisha akafikiri. "Apana, usitie. Mbele ya bakwe mikono mu mufuko ni kukosa heshima. Sasa sikiliza. Leo weye uko sawa na kiti. Kiti haisemake. Utasema tu ukiulizwa kama unamupenda binti, unasema ndiyo, unakaa. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Saa nne tuko sebuleni. Salamu kwanza, na salamu ya ukweni ni mikono miwili, kwa kila mzee, polepole, unainama. Nikawapa vidole vyangu mmoja baada ya mwingine kama mtu anayegawa mishumaa. Kaka mkubwa wa Papa Bisimwa, yule wa Bagira, alivitazama, akanitazama, akakaa bila neno. Lakini shangazi yake Nsimire hakuwa mtu wa kukaa bila neno, akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani: "Mutoto wa bantu anajichubua! Mwanaume! Na anaanzia ku vidole!"

Nikatabasamu. Kiti.

Papa Bisimwa mwenyewe alikuwa na furaha. Amekaa kwenye kiti chake, nyuma yake tangi linang'aa, kioo safi, majani yamekuwa meupe yameanza kung'oka. "Muone," akawaambia wageni, "hata majani ya aquarium imekufa yenyewe leo asubui. Ni baraka." Watu wakasema amina. Nami nikasema amina moyoni, nikajiona mjanja kuliko wote waliomo.

Tonton Balola akasimama, akakohoa, akaanza. Tumepita njiani, tumeona nyumba yenye moshi mzuri, tumesema hapa lazima kuna watu, na mambo kama hayo, mnajua wazee wakiamua kuzunguka. Alikuwa hajafika hata kwenye jina la binti pale watoto wa mtaa mzima walipopiga kelele kwa pamoja: "Courant! Courant imerudi!"

Taa zikawaka, redio ikalia chumbani ikazimwa, na nyuma ya Papa Bisimwa mashine za tangi zikaamka. Mojawapo ni mtungi mrefu pembeni unaochapa maji na hewa kwa nguvu, ili uchafu upande na povu ukusanyike kwenye kikombe cha juu. Siku za kawaida povu lake ni la kujaza kijiko. Lakini siku hiyo maji yalikuwa na dawa ya saluni ndani yake na mizoga ya majani. Kikombe kikajaa nikihesabu mpaka tano. Kifuniko kikainuka. Povu jeupe likachungulia juu ya bega la baba mkwe, likaangalia watu, likaanza kuteremka.

Na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimekaa mahali pa kuliona! Wengine wote walikuwa wanamwangalia Tonton, naye Tonton alikuwa anamwangalia mzee wa Bagira. Nikamkanyaga mguu. Akaendelea. Nikamvuta koti. Akainama kidogo bila kuacha kutabasamu kwa wakwe, akanipuliza sikioni, "Kiti," akarudi kwenye moshi wake mzuri.

Povu likafika kwenye zulia. Chini ya pazia kulikuwa na ile prise ndefu ya umeme yenye matundu sita, mashine zote zimechomekwa humo, imelala sakafuni, na karibu nayo miguu ya Papa Bisimwa, ambaye nyumbani kwake anavaa kandambili hata akiwa na tai. Maji ya chumvi yanatambaa chini ya povu, yanaifuata ile prise, na mimi kiti. Niliwaza mawili tu, na sioni fahari kuyasema. La kwanza: ukisema, wamekujua. La pili: usiposema, unamwua baba wa Nsimire mbele ya Nsimire.

Nikaruka. "Papa! Inua miguu! Toa prise!"

Wazee ishirini wakageuka kwa pamoja. Papa Bisimwa akainua miguu, nadhani kwa mshangao tu, nami nikajitupa kwa magoti ndani ya povu nikachomoa waya mkubwa kutoka ukutani. Mashine zikazima. Tonton Balola akawa bado ameinua fimbo hewani. Akasema, taratibu, kwa sauti ya mwalimu anayeona cheo chake kikienda: "Kijana wetu... ana haraka kidogo."

Papa Bisimwa hakumsikia. Alikuwa amegeukia tangi. Samaki wake wawili wako juu kabisa, midomo wazi, wanatafuta pumzi.

"Nani amegusa maji yangu?"

Nikamwona Nsimire akisimama mlangoni. Nilijua anataka kujitwika kosa langu, nikamwahi.

"Ni mimi, papa," nikasema. Nikainua mikono yote miwili, vidole juu, vyeupe. "Nilikuja asubuhi ukiwa Bagira. Niliweka dawa ya nywele."

"Ah!" shangazi akasema kwa furaha ya kweli. "Kumbe hajichubue!"

Kilichofuata sikisimulii vizuri maana nilikuwa nakimbia. Papa Bisimwa akavua koti, akaagiza bidoni zake zote za maji ya chumvi ya akiba, na wazee wa pande mbili wakapanga mstari kutoka stoo mpaka sebuleni, wamekunja suruali, wanapokezana bidoni, ya maji machafu inatoka, ya maji safi inaingia. Hata mzee wa Bagira, kofia kichwani, alibeba. Tonton Balola akavuta mpira wa maji kwa mdomo ili maji yashuke, akavuta sana, akameza, akakimbilia uani kutema, na mwalimu mkuu yule sijawahi kumsikia akitoa maneno kama aliyotoa pale. Polepole samaki wakashuka. Wakaanza kuogelea sawasawa.

Kisha Papa Bisimwa akaingiza mkono mpaka begani nyuma ya jiwe, akamtoa Dokta.

Alimweka kiganjani. Sharubu zake zimelala, mstari wake mweupe bado umenyooka vizuri. Akamfunika kwa kiganja cha pili kama mtu anayekinga mshumaa, akatoka naye uani. Hapo sikucheka, na hata leo nikifika hapo sicheki. Nilitamani anitukane.

Tulikaa uani kwa sababu sebuleni hapakaliki. Kwa utaratibu wetu baba wa binti haongei na mchumba siku ile, anaongea msemaji na msemaji. Lakini mimi nilikuwa nimeshavunja utaratibu wote, naye akavunja uliobaki, akaja akasimama mbele yangu.

"Ungeniambia tu: 'Papa, mi sijue ya baharini,'" akasema. "Neno hiyo tu. Ningekupa mutoto wangu pale pale."

Akafuta mikono yake yenye maji, akaendelea:

"Mambo ya ngombe za mahari nitaongea na batonton bako. Lakini Dokta utamuleta weye mwenyewe. Utaenda Dar, utamubeba ku magoti yako, muzima. Siku ile njo utaingia tena mu hii nyumba."

Tonton Balola akasimama, midomo bado ina chumvi, akasema upande wetu tumekubali. Nadhani ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Basi nikaenda. Safari sitaisimulia yote, lakini mjue kwamba nimeona bahari mara moja maishani, nusu saa, halafu nikarudi nimepakata mfuko wa plastiki wenye krevete mpya na kapampu ka betri, usiku na mchana, sikulala, sikula vizuri, na kila gari likiruka shimo namwambia mdudu pole. Mpakani Ruzizi askari mmoja akauinua mfuko kwenye mwanga. "Hii iko ya kula?" Nikamjibu, "Apana, afande. Iko ya kuoa." Akaniangalia, akanigongea muhuri haraka ili niondoke.

Papa Bisimwa akaupokea mfuko mlangoni bila kunisalimu. Akauacha uelee ndani ya tangi, akaweka mrija mwembamba wa kudondosha maji tone moja moja ili mgeni azoee, akanivutia kiti. "Utahesabu matone," akasema. "Pole pole. Njo hivi banafanyaka." Nilihesabu saa nzima na zaidi. Hatimaye krevete akatoka, akatembea juu ya jiwe akinyoosha sharubu, na samaki mmoja akamsogelea na kufungua mdomo. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akaita nyumba nzima, akamwita Nsimire, akatangaza kwamba huyu hatakuwa Dokta, Dokta alikuwa mmoja, huyu ataitwa Dezire.

Tangu hapo nimejifunza kusema sijui. Nalisema kazini, nalisema kanisani, mke wangu anasema sasa nalisema mpaka linachosha. Oksijene haiingii kwangu hata kwa kidonda, nikijikata naosha kwa sabuni. Na kila Jumapili tukienda Nguba, tumekaa mezani, nasikia mzee amevuta kiti chake sebuleni, anagonga kioo kwa ukucha.

"Dezire, umeamuka? Dezire, kuja hapa, uchafu iko huku nyuma."

Na mimi, mwanaume mzima, diploma imetundikwa ukutani, naweka kijiko chini na kuitika, "Ndiyo, papa."